Santuri za Siti Zina Habari

Redio ikipiga nyimbo zilizorekodiwa kabla ya Vita Kuu ya Pili, vijana husikia mikwaruzo tu. Wazee nao hufumba macho kwa raha, na ukiwauliza raha hiyo inatoka wapi, wengi watakutajia sauti na udi. Mimi nasema utamu uko kwenye maneno.

Chukua Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, akauza vyungu kwa kutembeza, na mwaka 1911 akahamia mjini. Wakati huo taarab ilikuwa burudani ya jumba la Sultani, na ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti na wenzake, akina Subeti Ambar, Buda Swedi na Mbaruk Talsam, waliiimba kwa Kiswahili, na nyumbani kwake Ng'ambo watu walikusanyika usiku kusikiliza mambo yao wenyewe yakiimbwa. Mwaka 1928 walikwenda Bombay kurekodi santuri za HMV. Upande mmoja wa santuri ulichukua kama dakika tatu, basi wimbo uliozoea kuimbwa hadi watu watosheke ulibidi ukatwe. Tunachokisikia leo ni kipande chake.

Lakini kipande hicho kina habari! Sikiliza ule wa Kijiti. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliuawa Unguja. Muuaji akakimbilia bara, na mahakama ya Waingereza ikawaadhibu wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Kwangu mimi, niliyekula mkate wa habari miaka mingi, ile ni taarifa ya mahakamani iliyo kamili: nani kafanya, nani kaonewa, na hakimu kaamua nini. Tofauti ni kwamba aliyeitangaza hakuwa na mhariri wa kumwogopa.

Siti alifariki mwaka 1950. Bi Kidude, aliyeimba nyimbo zake hadi uzeeni, naye akafariki mwaka 2013. Sauti zao tunazo. Kinachotuponyoka ni maelezo: huyu anayepigwa kijembe katika ubeti wa tatu alikuwa nani, alikaa mtaa gani, alifanya nini hata akaimbwa? Wimbo wa mafumbo hauandiki hayo juu ya santuri. Yako vichwani mwa mabibi waliosimuliwa na mama zao, na mabibi hao sasa ni wachache. Aliye na bibi wa namna hiyo Ng'ambo, au Mji Mkongwe, amwekee wimbo mmoja jioni hii, kisha aache akatize kila ubeti kwa hadithi zake.