Thiruvaiyaru: Mji wa Hekalu Kando ya Kaveri na Watu Walioutunza

Msafiri atokaye Thanjavur, katika jimbo la Tamil Nadu kusini mwa Bara Hindi, akishika njia ya kaskazini kwa mwendo wa kilomita kama 12, huvuka mito mitano mmoja baada ya mwingine: Vadavar, Vennar, Vettar, Kudamurutti, na mwisho Kaveri wenyewe, ambao ndio mama wa hiyo minne, na mara avukapo huo wa mwisho hujikuta katika mji mdogo wa minazi na migomba, wenye minara ya hekalu iliyochongwa sanamu tangu chini hata juu, na mashamba ya mpunga yaliyouzunguka pande zote. Mji huo ndio Thiruvaiyaru, mahali patakatifu pa mito mitano. Kwa wingi wa watu na mali hauwezi kushindana na Thanjavur, walikokaa wafalme; walakini kwa heshima iliyomo katika nyoyo za Watamili, na za wapenzi wote wa muziki wa Uhindi ya kusini, ni nadra kupata mji wa kuushinda. Wajenzi wake walikuwa wengi na wenye adhama, lakini taarikhi yake yafaa kusomwa zaidi kwa ajili ya wale waliokuja nyuma yao, wakakuta kazi ya wenzao inataka kuharibika, wakaitunza.

Kitu cha kwanza kutunzwa kilikuwa maji. Kaveri huchimbuka Talakaveri, katika milima ya Kodagu iliyomo leo jimboni Karnataka, ukatiririka kuelekea mashariki kilomita zipatazo 800 hata Ghuba ya Bengal. Na kabla ya kufika Thanjavur, penye kisiwa cha Srirangam, hugawanyika mikono miwili, wa kaskazini ukiitwa Kollidam. Kwa kuwa Kollidam una mteremko mkubwa zaidi, maji yote yangependa kushika njia hiyo na kupotea baharini, na nchi ya mpunga iliyo kusini ingebaki kavu. Ndipo mfalme Karikala wa ukoo wa Wachola, kwa mapokeo ya Watamili mnamo karne ya 2, alipoamuru mawe makubwa yasiyochongwa yalazwe mtoni, yakawa boma liitwalo Kallanai, la kuuzuia Kaveri usimwagike katika Kollidam na kuuelekeza katika mifereji ya mashamba. Boma hilo lafanya kazi hata leo, ingawa limeongezwa na kutengenezwa mara nyingi. Na mhandisi Mwingereza Arthur Cotton, alipopewa kazi ya maji katika nchi hiyo katika miaka ya 1830, hakulidharau kwa ukongwe wake, bali alilichunguza akajifunza kwalo, kisha akajenga boma jingine upande wa juu wa mto ili kulisaidia. Pasipo mawe hayo usingekuwako mpunga, na pasipo mpunga lisingekuwako hekalu la kusimuliwa.

Hekalu lenyewe ni la Shiva, ambaye huitwa hapo Aiyarappar, Bwana wa mito mitano. Sifa zake zimo katika tungo za watakatifu watatu wa Kitamili wa karne ya 7 na ya 8, Appar, Sambandar na Sundarar, waliokuwa wakienda mji kwa mji wakiimba mbele ya kila madhabahu. Na kisa cha Appar ndicho kinachopendwa zaidi na wenyeji. Husimuliwa kwamba katika uzee wake alishikwa na shauku ya kuuona mlima Kailasa, maskani ya mungu wake, ulioko mbali katika theluji za kaskazini. Akaenda kwa miguu hata nyayo zikalika. Akatambaa kwa mikono hata viganja vikachubuka. Akajiburura kwa kifua, na mwisho akawa abingirika tu njiani kama gogo. Akatokea mtawa mmoja akamwambia arudi, maana Kailasa si mahali pa kufikiwa na mwanadamu, mzee akakataa. Basi akaamriwa ajitose katika ziwa lililokuwa karibu, na alipozuka alijikuta hayumo tena katika ziwa lile, bali katika birika la hekalu la Thiruvaiyaru, naye akawa aona kila kiumbe kimeandamana na mwenziwe, tembo na jike lake, jogoo na tetea wake, tausi na tausi, na katika wawili hao kila mara akamtambua Shiva na mkewe. Kwa sababu hiyo watu huamini kwamba aliyefika Thiruvaiyaru amefika Kailasa.

Imani hiyo ilipata jengo zama za Wachola wakubwa. Rajaraja wa Kwanza, aliyetawala kuanzia 985 hata 1014, ndiye aliyejenga lile hekalu kubwa la Thanjavur lililokamilika mwaka 1010. Na mkewe, malkia Lokamahadevi, alijenga Thiruvaiyaru, ndani ya ua wa hekalu la zamani, hekalu dogo la mawe liitwalo Uttara Kailasam, Kailasa ya kaskazini. Maandiko yaliyochongwa katika kuta za mahekalu ya zama hizo ni hati za wakfu: fulani ametoa shamba, fulani ametoa dhahabu, fulani ameweka taa ya kuwaka usiku na mchana. Taa hiyo haikuachwa itegemee hisani ya wapitao. Katika hati za Thanjavur imeandikwa kwamba anayetaka kuweka taa moja ya milele atatoa kondoo majike 96, au ng'ombe 48, au nyati 16 wa kukamuliwa. Mifugo hukabidhiwa wachungaji waliotajwa kwa majina, nao hulazimika kuleta hekaluni kila siku kipimo kimoja cha samli. Kondoo hao huitwa katika maandiko kondoo wasiokufa wala kuzeeka, kwa maana mchungaji alipaswa kuujaza upungufu kwa wana wa kundi lenyewe, hata idadi ikabaki ile ile kizazi baada ya kizazi. Ama kwa hakika, sheria hiyo yaonyesha busara ya watu waliojua kwamba kuwasha taa ni kazi ya siku moja, na kuzuia isizimike ni kazi ya miaka yote.

Hekalu la Thiruvaiyaru haliishi kwa upweke. Katika mwezi wa Chithirai, ulio kati ya Aprili na Mei, kwa kukumbuka arusi ya Nandi, fahali wa Shiva, mungu na mkewe huchukuliwa katika machela mabegani mwa watu, wakazungushwa katika vijiji sita vya jirani, ambavyo pamoja na Thiruvaiyaru hufanya mahali saba patakatifu. Wenyeji husema kwamba safari hiyo ni ya kutoa shukrani, kwa kuwa katika arusi ya kwanza kila kijiji kilileta mchango wake: Thiruchotruthurai kilileta wali, Thiruppazhanam matunda, Thiruppoonthuruthi maua, Thillaisthanam samli, na Thiruvedikudi wanavyuoni wa kusoma maandiko ya Veda. Machela za kila kijiji hujiunga na msafara, na huvuka mchanga wa mto, ambao msimu huo aghalabu huwa mkavu, hata zote zirudipo Thiruvaiyaru zikiwa pamoja. Kwa njia hiyo ujirani wa vijiji, ambao kwa mashamba na zamu za maji ungeweza kuwa ugomvi wa kila siku, hufanywa upya mara moja kila mwaka mbele ya macho ya watu wote.

Wachola walipita, wakaja Wapandya, kisha magavana wa Vijayanagara walioitwa Wanayaka, ambao walishika Thanjavur hata 1673, na baada yao Wamaratha kutoka magharibi ya Uhindi, hata ukoo wao ulipokosa mrithi mwaka 1855 na Waingereza wakaufuta ufalme wao. Wanayaka walileta Kitelugu barazani, na Wamaratha, ingawa walikuwa na Kimarathi chao, hawakukiondoa. Ndiyo maana mtu mashuhuri kuliko wote waliopata kuishi katika mji huu wa Kitamili aliimba kwa Kitelugu.

Mtu huyo ni Tyagaraja, aliyezaliwa Tiruvarur mwaka 1767 na kuletwa Thiruvaiyaru akiwa mtoto. Alisomeshwa muziki na Sonti Venkataramanayya, mwimbaji wa baraza ya mfalme, na njia ya jaha ilikuwa wazi mbele yake. Lakini alichagua kutembea mitaani asubuhi akimsifu mungu Rama, tambura mkononi, na wenye nyumba wakamtilia mchele konzi moja moja, ukawa ndio riziki yake na ya wanafunzi wake. Yasimuliwa kwamba mfalme Serfoji wa Pili alimwita aje amwimbie na kupokea zawadi, naye akakataa. Na kwamba kaka yake, kwa uchungu wa kuona utajiri unapita mlangoni bila kuingia, alizitwaa sanamu za Rama ambazo Tyagaraja alikuwa akiziabudu akazitupa katika Kaveri, na mwimbaji hakupata raha hata alipoziona tena mchangani maji yalipopungua. Nyimbo zake zilizosalia hupata kama 700. Siku chache kabla ya kufa aliingia utawa, na kwa kuwa desturi ya Wahindu ni kuwazika watawa wala si kuwachoma, alipofariki tarehe 6 Januari 1847 alizikwa ukingoni mwa mto, na mji ukapata kaburi.

Kaburi hilo nusura lipotee. Wanafunzi walitawanyika na nyimbo zao, na wale wa mji wa Walajapet wakahifadhi maandishi, lakini ukingo wa mto uliota magugu. Mwanzoni mwa karne ya 20 baadhi ya wanafunzi wake wa mwisho waliokuwa hai walilitafuta, wakalitengeneza, wakaanza kukusanyika hapo kila mwaka siku ya kufa kwake. Haukupita muda mrefu wakafarakana, wakawa makundi mawili, Kundi Kubwa na Kundi Dogo, kila moja likifanya sherehe zake. Katika jambo moja tu walikubaliana, nalo ni kwamba mwanamke asiimbe mbele ya kaburi.

Hapo ndipo alipotokea Nagarathnamma wa Bangalore, aliyezaliwa mwaka 1878 katika jamii ya devadasi, wanawake waliofunzwa uimbaji na ngoma tangu utotoni kwa utumishi wa mahekalu na mabaraza, ambao watu waliwasikiliza kwa furaha na kuwasema kwa dharau. Alikuwa mwimbaji tajiri mjini Madras, tena msomi. Mwaka 1910 alichapisha utenzi wa Muddupalani, mshairi mwanamke wa baraza ya Thanjavur wa karne ya 18, baada ya kuona kwamba chapa ya kwanza imekatwa beti zake, na serikali ya Kiingereza ikakipiga kitabu hicho marufuku. Mwaka 1921 alipata habari kwamba kaburi la Tyagaraja limerudia uchakavu. Alikwenda Thiruvaiyaru, akanunua ardhi, akauza vito vyake, akajenga juu ya kaburi hekalu dogo. Na makundi yale yalipomzuia kuimba katika jengo alilolijenga kwa mali yake, hakuja na matusi, bali alikusanya wanawake wenzake, wakafanya sherehe yao wenyewe nyuma ya kaburi. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 makundi yote yaliungana, wanawake wakakaa pamoja na wanaume, na utaratibu uliopo sasa ukaanza. Nagarathnamma alihamia mjini humo, akaacha mali yake iwe ya kulitunza kaburi, akafa mwaka 1952. Na sanamu yake imewekwa hapo hapo, ikilielekea kaburi.

Msomaji wa pwani yetu aliyewahi kuhudhuria hauli ya walii ataielewa siku ya ukumbusho wa Tyagaraja bila ya kufasiriwa sana. Huangukia siku ya tano ya mwezi mpungufu wa Pushya, aghalabu Januari. Asubuhi hupulizwa mazumari marefu, kisha ukapigwa wimbo mmoja kwa filimbi, na baada yake waimbaji kwa mamia, mabingwa na wanagenzi, waliokaa chini kwa safu ndefu zinazotazamana, wakiacha ujia katikati unaoelekea kaburini, huanza kwa sauti moja zile nyimbo tano ziitwazo Pancharatna, kila moja kwa lahani yake, Nata, Gaula, Arabhi, Varali na Sri. Na wakati huo huo sanamu ya Tyagaraja huoshwa kwa maziwa. Hakuna anayelipwa ujira. Baada ya hapo watu hutawanyika sokoni kununua halua ya mji huo iitwayo asoka, ifanywayo kwa choroko, sukari na samli, laini na nyekundu, inayotolewa katika jani ikiwa bado moto.

Lakini mto ulio nyuma ya waimbaji hauko kama ulivyokuwa. Tangu 1934 maji yake yamezuiliwa katika bwawa la Mettur, ambalo kwa desturi hufunguliwa tarehe 12 Juni ili mpunga wa kwanza upandwe. Na kufunguliwa kwake hutegemea mvua na yale yaachiliwayo na Karnataka. Ugomvi wa Karnataka na Tamil Nadu una mikataba ya 1892 na 1924, baraza la hukumu lililoundwa mwaka 1990, na hukumu ya Mahakama ya Juu ya nchi ya mwaka 2018, iliyoiagiza Karnataka iachilie kila mwaka futi za ujazo bilioni 177.25. Katika miaka ya ukame kiasi hicho hakifiki, na mchanga uchotwao mtoni kwa ajili ya majengo huuzidishia mto udhaifu.

Nasaba zilizotawala Thiruvaiyaru zimekwisha zote, na kilichosalia ni kile ambacho mtu fulani alikiwekea matunzo: boma la mawe lililotengenezwa tena na tena, maandiko ya taa iliyowekewa kondoo, na kaburi lililowekewa vito vya mwanamke aliyekatazwa kuimba. Zamu iliyobaki ni ya mto wenyewe, na hiyo si zamu ya mji mmoja wala ya hekalu moja, bali ni ya Karnataka na Tamil Nadu, ambayo yote mawili hunywa maji yake.