Kabla ya Geto Kulikuwa na Kubebana: Safari ya Kitanda cha Mwanafunzi wa Mlimani

Ikifika Oktoba, Mwenge, Survey na Ubungo zinabadilika sura. Vijana wanashuka kwenye magari na mabegi makubwa na ndoo mpya, wengine na godoro limekunjwa na kufungwa kamba. Kwenye nguzo za umeme karatasi zimebandikwa: chumba kinapangishwa, dalali yupo, piga namba hii. Mzazi kule mkoani kaambiwa mtoto kachaguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kamshukuru Mungu, kauza alichouza. Swali la mtoto atalala wapi huwa linakuja mwisho, tena mara nyingi linaulizwa mtoto akiwa tayari yuko stendi.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Kulikuwa na wakati mwanafunzi wa Mlimani hajui dalali ni nani.

Chuo kilipofunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961 hakikuwa hata na huo mlima. Kilianzia kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na somo lilikuwa moja tu, sheria. Wanafunzi hawakufika 20. Mwaka 1963 kikaingizwa kwenye Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka 1964 kikahamia kwenye kilima cha Ubungo, ambapo kipo mpaka leo. Mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea.

Sasa hapo kwenye kilima ndipo hadithi ya kitanda inapoanza. Mabweni yalijengwa sambamba na madarasa. Ukipata nafasi ya kusoma umepata na nafasi ya kulala, hayo mambo mawili hayakutenganishwa. Na yasingeweza kutenganishwa, maana Ubungo ya wakati ule ilikuwa nje ya mji. Mwanafunzi angepanga wapi? Kwenye mashamba? Mtaa wenyewe ulikuwa haujazaliwa.

Serikali ilimlipia kila kitu: ada, chakula, chumba, na hela kidogo ya mfukoni. Wazee waliosoma kipindi kile wakianza kusimulia, wajukuu wanadhani wanatiwa chumvi. Lakini kitanda cha bure kina mwenyewe. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, hasa lile la kukatwa sehemu kubwa ya mshahara watakapoanza kazi. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi karibu 400 wakarudishwa makwao. Wengi walikuja kupokelewa tena baadaye. Ila siku ile mtu alitoka asubuhi chumbani kwake msomi wa taifa, na muda si mrefu alikuwa njiani kurudi kijijini na sanduku lake. Kitanda kilikuwa cha serikali, na serikali ilikichukua.

Mfumo ule uliishi miaka mingi lakini ulizeeka vibaya. Miaka ya 1980 uchumi ulibana nchi nzima, na Mlimani haikuwa kisiwa. Mwaka 1990 chuo kilifungwa kwa miezi mingi baada ya mgomo. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1990 ikaja sera ya kuchangia gharama, maneno mawili matamu yenye maana chungu: mzazi naye atoe. Wakati huohuo wanafunzi wakaongezeka. Waliokuwa maelfu machache wakavuka elfu kumi miaka ya 2000, na mabweni ya kilimani hayakuongezeka kwa mwendo huo.

Hapo ndipo kubebana kulikoshika hatamu.

Kwa ambaye hajapita chuo: kubebana ni mwenye kitanda kumpokea asiye na kitanda. Hakuna mkataba wala karatasi. Mmoja kapata nafasi Hall 2 au Hall 5, mwenzake waliyesoma naye sekondari au wanayetoka naye wilaya moja kakosa, basi anasogea. Kitanda kile kimetengenezwa kwa mtu mmoja asiyejigeuzageuza. Wakilala wawili wanalala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni kwa yule, na usiku wa Februari wa Dar es Salaam kila mdau anaujua. Chumba cha watu wawili kikawa cha wanne. Siku za mitihani wengine walikuwa wanapeana zamu, mmoja alale saa mbili za usiku mpaka saa nane, mwingine aende kusoma, kisha wabadilishane.

Uongozi ulikataza, kwa sababu zinazoeleweka. Choo kilichojengwa kwa watu 20 kilikuwa kinahudumia 40. Maji yakikatika ghorofa za juu, foleni ya ndoo inashuka ngazi mpaka chini. Moto ukitokea usiku, nani anajua mle ndani kuna watu wangapi? Kwa hiyo ukaguzi ulikuwa unapita, na wakaguzi wakigonga mlango aliyebebwa anageuka mgeni aliyekuja kuazima daftari, saa kumi na moja alfajiri, akiwa amejifunga kanga.

Aliyebebwa hakuwa na haki yoyote. Hawezi kununa taa ikiwashwa usiku wa manane, hawezi kusema mwenye kitanda anakoroma, na mwenye kitanda akipata mgeni wa kiume au wa kike anajua mwenyewe kwamba leo atashinda maktaba. Ndiyo maana waliobebwa walijifunza kuwa watu wepesi. Anafagia, anachota maji, bumu likiingia analeta sukari na mchele. Wapo wengi leo wana vyeo na magari, na walimaliza miaka mitatu ya shahada bila jina lao kuonekana kwenye orodha ya bweni lolote. Waliowabeba nao hawajaandikwa popote. Ukitaka kusema ukweli, kwa miaka hiyo makazi nafuu ya wanafunzi wa Mlimani hayakutolewa na wizara wala na chuo. Yalitolewa na mwanafunzi mwenye futi mbili na nusu za godoro aliyekubali kugawana.

Waliokosa hata wa kuwabeba wakashuka mtaani. Na mtaa sasa ulikuwepo. Msewe, Makongo, Survey, Sinza, na Changanyikiwa ambayo jina lake utadhani lilitungwa na mtu aliyetoka kuulizia bei za vyumba. Familia zilizojenga huko zikagundua kwamba chumba cha uani kina thamani kuliko mbuzi. Vikajengwa vyumba vya mstari, mlango kwa mlango, choo kimoja mwisho wa uwanja, mita moja ya umeme ya kushea na ugomvi wake wa kila mwisho wa mwezi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikafunguliwa Hosteli ya Mabibo, ikapunguza joto kidogo. Lakini Mabibo iko mbali na kilima. Aliyepata kitanda kule alipata pia kazi ya kugombania usafiri kila asubuhi ili awahi kipindi cha saa moja.

Mwaka 2005 yalitokea mambo mawili ambayo huwa hayazungumzwi pamoja. La kwanza kila mtu analijua: Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ilianza kazi. Hela ya chakula na malazi ikawa inakwenda kwa mwanafunzi mwenyewe, kama deni atakalolipa baadaye. La pili lilipita kimyakimya: ile sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ikafutwa. Sheria ile ilikuwa inambana mwenye nyumba asipandishe kodi anavyotaka, na mpangaji alikuwa na baraza la kwenda kulalamika. Kweli, mtaani wengi hawakuifuata sana hata ilipokuwepo. Lakini ilipoondoka hata kisingizio kikaondoka. Kodi ya miezi sita kwa mpigo ikawa kawaida, ya mwaka mzima ikawa haishangazi mtu.

Yaani mwanafunzi alipewa hela mkononi mwaka uleule ambao aliyekuwa anamzuia mwenye nyumba aliondolewa mlangoni. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Ila mwenye nyumba wa Msewe hakuhitaji digrii kujua bumu limetoka lini.

Mwaka uliofuata, 2006, Mlimani City ikafunguliwa, juu ya ardhi ya chuo chenyewe. Maduka, sinema, maegesho ya magari mpaka macho yanachoka. Waliotetea walisema chuo kinahitaji mapato, na hoja hiyo ina uzito wake. Lakini mwanafunzi anayelala mzungu wa nne alikuwa anapita pale akielekea Mwenge, anaangalia taa zinavyowaka, na maeneo ya jirani yakazidi kuwa matamu kwa watu wenye mishahara. Sinza na Survey zikaanza kumsukuma mwanachuo kwenda mbali zaidi, Kimara, Kibangu, Riverside. Mwendokasi ilipoanza mwaka 2016, Kimara ikawa karibu kwa saa lakini si kwa mfuko, kwa sababu mwanachuo halipi nauli ya mwanafunzi wa shule, analipa ya mtu mzima, kwenda na kurudi.

Juni 2016 Rais Magufuli alikwenda Mlimani kuweka jiwe la msingi la maktaba mpya, na akatangaza shilingi bilioni 10 za mabweni. Wakala wa Majengo akapewa kazi. Tarehe 15 Aprili 2017 majengo 20 yakafunguliwa, yenye uwezo wa kulaza wanafunzi 3,840, yaani 192 kila jengo. Bei ikatajwa kuwa shilingi 500 kwa siku. Desemba mwaka huohuo picha za nyufa zikasambaa mitandaoni, wahusika wakaeleza kwamba zile si nyufa bali ni nafasi zinazoachwa kwa makusudi kati ya sehemu za jengo, na ubishi ukaendelea wiki kadhaa. Pamoja na ubishi huo, hakuna kilichopunguza foleni ya vitanda pale kilimani kwa mkupuo mmoja kama yale majengo. Aliyepata alipata. Aliyekosa alirudi palepale, kwenye nguzo ya umeme yenye karatasi ya dalali.

Na hesabu yake ndiyo hii. Mwaka wa masomo 2022/23 hela ya kujikimu ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 kwa siku kufika 10,000. Chukua binti aliyekosa kitanda lakini kapata mkopo kamili. Anapewa ya siku 60, ni 600,000. Tuseme kapata chumba cha 60,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita, hapo 360,000 imekwenda. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, 60,000 nyingine. Kabakiwa na 180,000 kwa siku 60, sawa na shilingi 3,000 kwa siku, na humo hajanunua godoro, ndoo, jiko, wala hajapanda gari. Na hiyo ni kama bumu limeingia kwa wakati. Likichelewa, na huwa linachelewa, mwenye nyumba hasubiri.

Hapo ndipo uchaguzi wa chumba unapokuwa uchaguzi wa mambo mengine. Chumba cha bei ya chini zaidi mara nyingi kiko mwisho wa njia isiyo na taa, na kipindi cha jioni kinaisha saa mbili usiku. Dirisha lisilo na nondo linapunguza kodi, halafu linaondoka na kompyuta mpakato siku ukiwa chuo. Wapo mabinti ambao wamejikuta wanahamia kwa mwenzao wa kiume, ile tunayoita sogea tukae, na watu wa mtaani wanasema ni mapenzi ya ujana. Mengine ni mapenzi kweli. Mengine ni kodi ya miezi sita iliyokosekana Novemba. Na binti wa aina hiyo mambo yakiharibika Machi, katikati ya muhula, hana pa kurudi isipokuwa kwa rafiki mwenye kitanda.

Kwa hiyo kubebana hakujafa, kumehama tu kutoka kilimani. Siku hizi Changanyikiwa na Msewe wanachangishana watu watatu kwenye chumba kimoja, jina la mpangaji limeandikwa moja, godoro moja kitandani na jingine linalosimamishwa ukutani mchana. Mama mwenye nyumba naye si mjinga. Chumba kakipangisha kwa mtu mmoja, bili ya maji inasema vingine. Asubuhi anapofagia uwanja anapita taratibu kwenye kila mlango, anahesabu ndala.