UFUGAJI WA SAMAKI NA MBOGA: Chunguza maji kabla ya kununua dawa

MKULIMA anayerauka alfajiri na kuwakuta samaki wake wakielea matumbo juu, ilhali jana jioni walikuwa wakigombania chakula, aghalabu hushuku ugonjwa au hujuma ya jirani. Hukimbilia duka la pembejeo kusaka dawa. Mara nyingi dawa hiyo haimfai kitu, kwa kuwa kilichowaua samaki ni maji yenyewe.

Hilo huwakumba hasa wakulima wadogo wa akwaponiki, yaani mfumo wa kufuga samaki na kukuza mboga kwa maji yale yale, yanayozunguka kati ya tangi na vitanda vya kokoto bila udongo. Mfumo huu huwafaa watu wenye ploti ndogo mijini na wakazi wa maeneo makavu, kwa sababu maji hayamwagwi baada ya kutumika. Hata hivyo, kosa moja huathiri samaki na mboga kwa pamoja, na gharama ya miezi kadhaa ya chakula cha samaki yaweza kupotea kwa usiku mmoja.

Mkulima anayejua kusoma dalili na kufuata utaratibu wa uchunguzi anaweza kuyanusuru mazao yake kabla hasara haijamfika.

Mifugo wa aina mbili

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi. Amonia ni sumu kwao. Bakteria wanaoishi juu ya kokoto, mabombani na katika mizizi huigeuza amonia hiyo kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wa kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Nitrati ndiyo mbolea inayofyonzwa na sukuma wiki, spinachi, mchicha, dania na mnavu.

Kwa hivyo mkulima wa akwaponiki ana mifugo wa aina mbili: samaki na bakteria. Bakteria hawaonekani kwa macho, na ndio husahaulika upesi. Wakifa, samaki hufuata, na baadaye mboga.

Mwongozo uliochapishwa mwaka wa 2014 na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, unapendekeza amonia na nitriti zisizidi miligramu 1 kwa kila lita ya maji, nitrati iwe kati ya miligramu 5 na 150, na oksijeni izidi miligramu 5. Kipimo cha pH, kinachoonyesha iwapo maji yana asidi au alkali, kinafaa kuwa kati ya 6 na 7. Vifaa vya kupimia mambo haya hupatikana katika maduka yanayouza samaki wa mapambo. Mkulima asiyekuwa navyo hana budi kubahatisha.

Samaki wakitweta juu ya maji

Samaki wakikusanyika juu ya maji huku wakipanua vinywa, hasa alfajiri, jambo la kwanza la kushuku ni upungufu wa oksijeni. Usiku mwani na mimea iliyomo majini huvuta oksijeni badala ya kuitoa, hivyo kiwango chake huwa chini kabisa kabla ya jua kuchomoza. Aidha, maji ya joto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi.

Hatua ya kwanza ni kuongeza hewa mara moja: maji yaangushwe kutoka juu, pampu ya hewa iwashwe, au maji yachotwe kwa ndoo na kumiminwa tena tangini. Samaki wasilishwe hadi watulie. Kisha mkulima atafute chanzo: pampu iliyoziba, samaki kupita kiasi, au uchafu uliotuama chini ya tangi.

Kambare huweza kuvuta hewa ya juu, kwa hivyo hustahimili hali hii kuliko tilapia. Mfugaji wa kambare asichukulie uhai wa samaki wake kuwa ithibati kwamba maji ni salama. Bakteria na mizizi ya mboga pia huhitaji oksijeni.

Umeme ukipotea, samaki waliojazana huweza kufa katika muda wa saa chache. Betri inayoendesha pampu ndogo ya hewa ni kinga ya lazima kwa anayefuga samaki wengi.

Tangi jipya na haraka ya mwenyewe

Vifo vingi hutokea katika wiki za mwanzo. Mkulima hujaza maji leo na kutia vifaranga wa samaki kesho, ilhali bakteria hawajaota. Kwa kawaida huchukua kati ya wiki nne na sita kwa bakteria kujenga makao yao, na muda zaidi katika nyanda za juu zenye baridi kama vile Limuru na Nyandarua.

Ni vyema kuanza na samaki wachache na chakula kidogo, huku amonia na nitriti zikipimwa kila baada ya siku mbili au tatu. Amonia itapanda kisha ishuke, nitriti nayo ifanye vivyo hivyo, na hatimaye nitrati itajitokeza. Hapo ndipo idadi ya samaki huweza kuongezwa. Kokoto chache kutoka kwa mfumo uliokomaa, wa mkulima ambaye samaki wake hawana maradhi, huharakisha kazi hii.

Maji ya mfereji yenye klorini huwaua bakteria na kuchoma matamvua. Yafaa yaachwe wazi kwa muda wa siku mbili, huku yakitiwa hewa, kabla ya kuingizwa tangini. Kadhalika, kokoto zisisuuzwe kwa maji hayo.

Chakula kingi, amonia nyingi

Amonia ikipanda katika mfumo uliokomaa, mara nyingi chanzo ni mkono wa mlishaji. Chakula kisicholiwa huoza. Samaki waliokomaa huhitaji chakula cha takriban asilimia 1 hadi 2 ya uzani wao kwa siku. Kinachosalia baada ya nusu saa kiondolewe, na kesho yake kipimo kipunguzwe.

Mathalan, tangi la lita 1,000 lenye samaki wa kilo 20, kiwango ambacho mfugaji mdogo hafai kukipita, hupokea gramu 200 za chakula kwa siku kwa kipimo cha asilimia 1. Kwa kuwa mita mraba moja ya mboga za majani huhitaji gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kila siku, tangi hilo litatosheleza mita mraba nne au tano za mboga. Mkulima aliye na kitanda kimoja kidogo na tangi lililofurika samaki hujitafutia balaa.

Baridi nayo huleta hila yake. Tilapia hustawi maji yanapokuwa na joto la nyuzi 27 hadi 30 za Selsiasi. Joto likipungua chini ya nyuzi 20, hamu yao ya kula hushuka sana. Anayeendelea kuwalisha kipimo kile kile msimu wa baridi wa Juni na Julai huwa anaozesha maji. Kuweka tangi ndani ya kivungulio na kulifunika usiku husaidia.

Amonia au nitriti ikizidi kipimo, chakula kisimamishwe, hewa iongezwe, na robo ya maji ibadilishwe kwa maji yasiyo na klorini na yenye joto linalokaribiana na la tangini. Kubadilisha maji yote kwa mpigo huwashtua samaki.

Mtego wa chokaa

Bakteria wanapofanya kazi, huzalisha asidi, na pH hushuka polepole. Wanaotegemea maji ya mvua huliona hili mapema, kwa sababu maji hayo hayana madini ya kuizuia. Ikishuka chini ya 6, bakteria huzembea na amonia huanza kujilimbikiza.

Hapa ndipo wengi huponzwa. Mkulima hupima, akaona pH imeshuka, akamwaga chokaa nyingi kwa mara moja. Samaki hufa siku hiyo hiyo. Sababu ni kwamba maji yakiwa na asidi, karibu amonia yote huwa katika hali isiyodhuru sana. pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu yenye sumu huongezeka takriban mara kumi, ingawa kiasi cha amonia yote hakijabadilika.

Kwa hivyo amonia ipimwe kwanza. Ikiwa juu, maji yapunguzwe na kubadilishwa kabla ya kugusa pH. Baadaye pH ipandishwe kwa siku kadhaa, kwa kuning'iniza mfuko wa makombe ya baharini yaliyopondwa au mawe ya chokaa ndani ya maji. Mfuko huondolewa kipimo kinachotakikana kikifikiwa. Chokaa ya wajenzi ni kali mno na haifai.

Tatizo la kinyume huwapata wanaotumia maji ya kisima yenye alkali, pamoja na wakulima wa Pwani wanaojaza vitanda kwa vipande vya matumbawe. pH hukwama juu hata wafanyeje. Kokoto zote zijaribiwe kabla ya kununuliwa: zikimwagiwa siki na kutoa povu, zina chokaa na zinafaa kuepukwa. Maji ya kisima nayo huweza kuchanganywa na ya mvua.

Mboga zikigeuka manjano

Mkulima atazame ni majani yapi yaliyoanza. Majani machanga yakiwa manjano huku mishipa ikisalia kijani, mmea umekosa madini ya chuma. Upungufu huu ni wa kawaida kwa sababu chakula cha samaki kina chuma kidogo, na pH ikiwa juu hata kilichopo hakifyonzwi. Tiba ni chuma maalumu cha mimea kinachoyeyuka majini, miligramu 2 kwa lita. Misumari yenye kutu haisaidii.

Majani makuukuu yakigeuka manjano yote, mmea una njaa ya nitrojeni: huenda samaki ni wachache au mboga ni nyingi kupita kiasi. Kingo za majani hayo zikikauka na kuwa kahawia, potasiamu imepungua. Nyanya zikioza upande wa chini, au majani machanga ya letusi yakiungua ncha, shaka iangukie kalisiamu.

Mmea ukinyauka ilhali maji ni tele, mizizi ikaguliwe. Mizizi yenye afya huwa myeupe. Ikiwa ya kahawia, yenye utelezi na harufu mbaya, uchafu wa samaki umeifunika na kuinyima hewa. Chujio la kunasa kinyesi kabla hakijafika vitandani lisafishwe mara kwa mara. Maji yakigeuka kijani, tangi lifunikwe, kwa kuwa mwani hauoti bila mwanga.

Dawa ya wadudu huwa sumu ya samaki

Pareto, ambayo imekuzwa nchini kwa miaka mingi na kusifiwa kuwa dawa ya asili, ni sumu kali kwa samaki. Maji ya sabuni huharibu matamvua, nazo dawa za ukungu zenye shaba huwadhuru samaki na bakteria. Neno "asili" kwenye chupa lisimhadae mkulima.

Vidukari huondolewa kwa mkono au kwa kurushiwa maji. Wavu mwembamba huwazuia vipepeo na inzi weupe. Mmea ulioshambuliwa mno ung'olewe. Vilevile, viuavijasumu vya kutibu samaki visitiwe ndani ya mfumo; samaki mgonjwa ahamishiwe ndoo nyingine na kutibiwa huko.

Baadhi ya wafugaji wa vidimbwi hutia samadi ya kuku majini. Katika akwaponiki mazoea hayo ni hatari, kwa vile samadi mbichi huweza kuleta viini vya maradhi kwenye mboga zinazoliwa bila kupikwa. Maji ya tangi yasinyunyizwe juu ya majani, na mboga zioshwe kwa maji safi kabla ya kuliwa.

Pampu na sifoni

Katika vitanda vinavyojaa na kukauka kwa zamu, sifoni isipoanza kunyonya, kwa kawaida maji yanaingia polepole mno. Ikianza na isikome, maji yanaingia kwa kasi kupita kiasi au hewa haipenyi ndani yake. Mizizi iliyojipenyeza mabombani pia huleta kasoro hizi. Pampu ioshwe kila juma, na isiwekwe mahali inapoweza kunyonya maji yote tangini bomba likipasuka.

Daftari

Hatimaye, mkulima awe na daftari. Kila juma aandike pH, amonia, nitriti, nitrati, joto la maji, kiasi cha chakula na idadi ya samaki waliokufa. Kurasa hizo humwonyesha afisa wa uvuvi wa kaunti, au wataalamu wa kituo cha utafiti wa samaki cha Sagana, Kirinyaga, mahali tatizo lilipoanzia.

Asiye na daftari akumbuke walau utaratibu huu: hewa kwanza, kisha amonia na chakula, halafu pH, na mwisho madini ya mimea. Arekebishe jambo moja kwa wakati na kungoja matokeo. Anayebadilisha mambo matano kwa siku moja hatajua lililomponya wala lililomponza.