Kifuko cha Kuku na Asili ya Kingamwili

Kifuko kidogo kilicho juu ya tundu la nyuma la kuku kilielezwa na Hieronymus Fabricius, mwalimu wa anatomia huko Padua, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1621, baada ya kifo chake. Kwa zaidi ya karne tatu hakuna aliyejua kazi ya kifuko hicho. Jibu lilipatikana Ohio, Marekani, karibu kwa bahati: mtafiti Timothy Chang alihitaji kuku wa kuonyesha darasani jinsi kingamwili zinavyotokea, akapewa na mtafiti mwenzake Bruce Glick kuku waliokatwa kifuko hicho wakiwa vifaranga. Walichomwa antijeni ya Salmonella, lakini wengi hawakutoa kingamwili. Makala yao, iliyotoka 1956 katika jarida la ufugaji wa kuku, ilistahili kusomwa na watu wengi zaidi.

Mwaka 1976, mjini Basel, Nobumichi Hozumi na Susumu Tonegawa walionyesha kwamba seli ya panya huunganisha vipande vya jeni vilivyokaa mbalimbali ili kuunda kingamwili. Panya, kama binadamu, ana vipande vingi vya kuchagua. Kuku hana. Kwa mnyororo mwepesi, mmoja wa minyororo inayounda kingamwili, ana kipande V (cha sehemu inayobadilika) kimoja tu kinachofanya kazi, na kando yake nakala bubu 25 hivi. Ndani ya kifuko, seli hunakili sehemu za nakala hizo na kuzipachika kwenye kile kipande hai, tena na tena. Sungura hutumia njia inayofanana. Kondoo hutegemea zaidi mabadiliko ya herufi moja moja za DNA. Kwa papa, baadhi ya jeni hurithiwa zikiwa zimeshaunganishwa.