Makoloni yaliyosalia, sera ya Tanzania kuhusu

Msimamo wa serikali ya Tanganyika, kisha Tanzania, wa kuzisaidia nchi jirani zilizobaki chini ya utawala wa kikoloni baada ya mwaka 1961. Ulitetewa na Rais Julius Nyerere, na uliafikiana na Azimio 1514 la Umoja wa Mataifa (1960) kuhusu haki ya watu kujitawala. Kuanzia 1963, Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikuwa na makao yake Dar es Salaam.

Pwani ya Mikindani na Mtwara ilikuwa karibu kabisa na uwanja wa mapambano, kwani ng'ambo ya Mto Ruvuma ilikuwa Msumbiji, koloni la Wareno. Wamakonde waliishi pande zote mbili za mto. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, ikaanza vita Septemba 1964 katika jimbo la Cabo Delgado. Wapiganaji walifunzwa Nachingwea, na majeruhi walitibiwa katika hospitali ya FRELIMO mjini Mtwara, jirani na Mikindani. Wakimbizi walipewa hifadhi kusini mwa nchi.

Makoloni madogo ya visiwani hayakusahaulika: MOLINACO, chama cha ukombozi cha Komori, kilikuwa na makao Dar es Salaam.

Msumbiji ilipata uhuru 25 Juni 1975, Komori ikajitangazia uhuru 6 Julai mwaka huohuo, na Shelisheli, koloni jingine la visiwani, ikafuata 29 Juni 1976. Mayotte, kimojawapo cha visiwa vya Komori, kilibaki chini ya Ufaransa.