Mpaka Mmoja, Vipimo Viwili

Watu wawili wakipima mpaka mmoja wakapata hesabu mbili, twadhani mara moja ya kuwa mmoja wao amekosa, au ni mwongo. Lakini historia ya elimu ya hesabu yatuonyesha kwamba wote wawili waweza kuwa wakweli.

Alikuwako Uingereza mtu jina lake Lewis Fry Richardson, aliyezaliwa mwaka 1881, wa jamii ya Wakristo waitwao Marafiki, ambao hukataa kushika silaha. Katika Vita Kuu ya kwanza hakupigana, bali tangu 1916 hata 1919 aliendesha gari la majeruhi huko Ufaransa. Baadaye akaazimu kutafuta asili ya vita kwa njia ya hesabu, kama tabibu atafutavyo asili ya ugonjwa. Akauliza: Je, mipaka ya nchi ina sehemu gani katika kuleta vita? Basi ikampasa kujua urefu wa mipaka hiyo.

Alipofungua vitabu akastaajabu. Mpaka wa Hispania na Ureno ulitajwa kuwa kilomita 987, na mahali pengine 1,214. Mpaka wa Uholanzi na Ubelgiji ulikuwa 380, na tena 449. Richardson akatwaa bikari, akaitembeza juu ya ramani kwa hatua ndefu, kisha kwa hatua fupi. Akaona ya kuwa hatua ndefu huruka mapindo, na hatua fupi huyaingia. Kwa hiyo kila hatua ipunguapo, urefu huongezeka. Alifariki mwaka 1953, na kazi yake hiyo ikachapishwa mwaka 1961.

Mwaka 1967 Benoit Mandelbrot, mzaliwa wa Poland, alionyesha maana ya jambo hili. Njia yake ni hii. Ukipima mstari ulionyoka, kisha ukaikata hatua yako nusu, idadi ya hatua huwa mara 2. Ukifunika mkeka kwa vipande vya mraba, kisha ukaukata ubavu wa kila kipande nusu, wahitaji vipande mara 4, yaani 2 mara 2. Kwa hiyo dimensheni ya mstari ni 1, na ya mkeka ni 2. Lakini katika pwani ya magharibi ya kisiwa cha Uingereza, hatua ikikatwa nusu, idadi huwa mara 2.38 hivi. Imepita mstari, wala haijafika mkeka. Dimensheni yake ni 1.25. Pwani ya Afrika ya Kusini, iliyonyoka zaidi, ni 1.02 tu. Mwaka 1975 Mandelbrot aliyaita maumbo ya namna hii fraktali, kwa neno la Kilatini lenye maana ya kuvunjika.

Siku hizi wataalamu huzipima hivyo hata nukta za takwimu: huugawanya uwanja kwa miraba, huihesabu miraba yenye nukta, kisha huipunguza na kuhesabu tena. Lakini kazi hii yataka uangalifu. Hatua mbili hazitoshi. Yafaa kupima kwa nyingi, ndefu na fupi, na kuona kama ongezeko ni lile lile. Tena nukta zikiwa chache na miraba midogo mno, kila nukta hubaki peke yake katika mraba wake, na idadi haiongezeki. Aifuataye hesabu hiyo hudanganyika.

Basi urefu wa mpaka hautoshi kutajwa pasipo hatua iliyoupima. Jirani akituletea hesabu isiyolingana na yetu, kabla ya kumwita mwongo, na tumwulize kwanza hatua yake ilikuwa na urefu gani.