Umepandikiza nywele halafu zimedondoka? Tulia kwanza, soma hapa

Wadau, leo nagusa ishu ambayo vijana wengi wanaulizana chini chini: kupandikiza nywele.

Mshkaji wangu mmoja wa Naliendele alikusanya hela za korosho, akapanda ndege mpaka Istanbul, Uturuki, akapandikizwa nywele za mbele. Wiki ya 5 akanipigia kachanganyikiwa kabisa: "Zimedondoka zote bwana, nimeliwa!" Na tayari kuna mtu kashamuuzia dawa ya kupaka ya "kuotesha". Nikamwambia asipake kitu. Alikuwa hajaliwa, ila hakuelezwa kwamba hiyo ndiyo kawaida yake. Basi nimeona niweke mpangilio wote hapa, wengine wasije wakalipa mara mbili.

INAVYOFANYIKA
Sisi wa Naliendele tuna mfano mzuri, mikorosho ya kubebesha ya pale kituo cha utafiti. Kijiti cha mkorosho bora kikiungwa kwenye mche mwingine, kinabaki na tabia ya mama yake. Nywele nazo hivyo hivyo. Kwa mwanaume mwenye upara wa kurithi, nywele za kisogoni hazisumbuliwi na homoni inayomaliza zile za mbele. Ukizihamishia mbele zinaendelea na tabia yao ya kisogoni. Daktari Norman Orentreich wa New York ndiye aliyelionyesha hili miaka ya 1950.

Siku hizi daktari anapiga ganzi, anachomoa vipandikizi vidogo vidogo, kila kimoja kina nywele 1 hadi 4, kisha anavipanda. Vipandikizi 2,000 ni kazi ya siku nzima. Ila ujue, kilichochomolewa kisogoni hakioti tena pale. Akiba yako ina mwisho.

SIKU YA 1 HADI 10
Paji la uso linaweza kuvimba, na uvimbe ukashuka mpaka machoni siku ya 3 au ya 4. Lala umeinua kichwa kwa mito. Usikune. Magamba yatadondoka yenyewe kati ya siku ya 7 na ya 10 ukiosha taratibu kama ulivyoelekezwa. Kofia ya kubana hapana, na wewe wa bodaboda, helmeti inakwangua vipandikizi, kwa hiyo pikipiki ipumzike. Kwa Waislamu, kugusisha paji chini siku hizi za mwanzo ni hatari kwa vipandikizi. Mgonjwa ameruhusiwa kuswali kwa ishara, muulize shehe wako.

WIKI YA 2 HADI YA 6
Hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa. Nywele zilizopandwa zinadondoka, lakini mzizi umebaki ndani, umelala. Ni kama mche uliohamishwa, unapukutisha majani kwanza ndipo uchipue. Mpira, jua kali na kuogelea baharini subiri mpaka daktari aruhusu, kwa kawaida mwezi hivi.

MWEZI WA 3 NA KUENDELEA
Nywele nyembamba zinaanza kutokeza mwezi wa 3 au wa 4. Zinarefuka kama sentimita 1 kwa mwezi, zetu za kipilipili pungufu kidogo. Mwezi wa 6 unaona tofauti, mwezi wa 12 ndiyo unahukumu kazi. Utosini huweza kufika hata miezi 18.

NGOZI NA NYWELE ZETU
Mambo mawili. Kwanza, mzizi wa nywele zetu umejipinda chini ya ngozi, kwa hiyo daktari asiyezizoea anaweza kuukata wakati anachomoa. Muulize amefanyia watu weusi wangapi, akuonyeshe picha. Pili, kama kovu lako huwa linavimba na kukua (angalia ulipotoga sikio au ulipochanjwa), sema mapema. Wengine hujaribiwa sehemu ndogo kwanza na kusubiri miezi kadhaa.

KABLA HUJATOA HELA
Si kila kipara ni cha kupandikizwa. Mapunye ni fangasi, yanatibiwa kwa vidonge. Nywele zilizopukutika miezi 2 au 3 baada ya homa kali au kujifungua kwa kawaida hurudi zenyewe. Na kina dada, nywele za pembeni zikikatika kwa misuko ya kubana, acheni kubana mapema zitarudi. Mkichelewa, mzizi unakufa na kubaki kovu.

Kwa hiyo anza na daktari wa ngozi. Huku Mtwara anzia Ligula, ukihitaji uombe rufaa kwenda Muhimbili au KCMC Moshi, ambako wataalamu wa ngozi wamekuwa wakifundishwa tangu 1992.

Na baada ya upasuaji, ukiona usaha, homa, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hiyo siyo kawaida. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mshkaji wangu yuko mwezi wa 7 sasa. Kinyozi wake ameanza kumuuliza amekula nini. Ile dawa ya kuotesha bado iko kabatini, haijafunguliwa.

Kwa leo naishia hapa. Aliyepitia hii kitu naye aseme.